Baba Dogo tunachanana kila siku, lakini hatuchanuani

Kuna sentensi moja ambayo ukiisikia mtaani jua kuna mtu anakaribia kuumizwa: "Mimi sijui kuficha, mimi huongea ukweli tu." Hakuna mtu huanza hivyo akitaka kukuambia umependeza. Kinachofuata ni mwili wako, viatu vyako, ndevu ambazo zimekataa kuota, mpenzi aliyekuacha ama kazi ambayo hujapata tangu umalize chuo. Ukikunja uso anakuongezea ya pili: "Ukweli huuma, bro." Mjadala umefungwa. Ukikasirika, shida ni yako, huwezi kuvumilia ukweli.

Nimekaa Baba Dogo miaka ya kutosha kujua kwamba huku watu hujivunia mdomo. Kutoka Kariadudu hadi Lucky Summer, mtu asiyeweza kujibu papo hapo anaonekana kama ameshuka basi jana kutoka ocha. Tunawacheka watu wa mitaa ya kifahari, eti wao huzunguka mbuyu mara saba kabla ya kusema chakula kimeharibika. Sisi tunasema jambo lilivyo. Hiyo ndiyo sifa tunayojipa.

Mimi nina shaka nayo. Si kwamba naona tuko wakali sana. Naona tuko wakali mahali ambapo ukali hautugharimu kitu.

Tuanze na mahali mdomo huu ulifunzwa. Kama ulikulia Eastlands umepitia mchongoano, iwe ulikuwa bingwa ama ulikuwa wa kulia. Wakati wa mapumziko shuleni, ama jioni kwenye ngazi za ploti stima ikipotea, wawili wanasimama katikati na wengine wanawazunguka kuwa majaji. Mmoja anaanza: "Nyumba yenu ni ndogo mpaka mende wakikutana mlangoni, mmoja lazima arudi nyuma apishe mwenzake." Umati unalipuka. Wa pili hakubali: "Babako ni mkono birika mpaka akimaliza samaki huhesabu mifupa ndio paka asimwibie." Na hivyo hivyo mpaka stima irudi ama mama aite mtu akaoge.

Watu wengi hufikiri mchongoano ni shule ya kuambiana ukweli. Ni kinyume kabisa. Sheria yake, ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaijua, ni kwamba unachosema lazima kiwe uongo mkubwa ambao hata kipofu anauona. Hakuna mende wanaopishana mlangoni. Ndiyo maana babako anaweza kutajwa mara kumi na bado mkagawana chapati usiku huo huo. Lakini siku mtu asahau, amtaje baba ambaye kweli hulala kwenye mtaro kila Ijumaa, mchezo unaisha hapo hapo. Kicheko kinakatika. Watoto wanaangalia viatu vyao. Mtoto wa miaka 10 anajua mpaka umevukwa, na anajua kwamba jambo la kweli la namna hiyo halisemwi ukiwa umezungukwa na watu wanaosubiri kucheka.

Tulipokua tukauhamisha mchezo kwenye simu, sheria tukaiacha kwenye ngazi. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la ploti, ama chini ya picha ya msichana TikTok, tunachukua yale ya kweli, mimba iliyoharibika, ndugu aliyefungwa, meno, ngozi, deni, tunayarusha kwa mtindo wa mchongoano mbele ya maelfu. Mwenye kuumia akilalamika tunamwambia avumilie, si ni ukweli? Tumeuondoa ule uongo uliokuwa unamkinga, umati tukaubakisha.

Sheng yenyewe inatofautisha mambo haya vizuri kuliko sisi tunaoiongea. Mtu akikukosoa vikali mbele za watu tunasema amekuchana. Amekuchana live. Kuchana, kama kitambaa. Lakini mtu akikufungua macho, akikwambia kitu ambacho hukujua na ambacho kitakusaidia, tunasema amekuchanua, na ukishaelewa wewe sasa umechanuka. Kama ua. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja tu, na kazi zake ni mbili tofauti kabisa. Jiulize mara ya mwisho ulichanwa lini. Pengine ni asubuhi hii. Sasa jiulize ulichanuliwa lini.

Halafu kuna hili neno "wazi". Kwenye Kiswahili cha darasani, wazi ni kisichofunikwa: mlango wazi, uwanja wazi, kusema waziwazi. Serikali nayo imelishika kwa mikono miwili. Sioni hotuba ya kaunti isiyokuwa na "uwazi na uwajibikaji" mahali fulani kabla ya chai ya saa nne. Huku mtaani tumeligeuza likawa jibu la kukubali, na mara nyingi la kumtoa mtu mlangoni. "Utanirudishia ile mia tano Ijumaa?" "Wazi." "Jumamosi tunahamisha vitu vya mathe, utakuja kusaidia?" "Wazi." Ijumaa ikifika, kilicho wazi ni mfuko wako.

Wazee wa lugha hii hawakukosa maneno. Mtu anayesema jambo likaeleweka amesema kinagaubaga. Asiyeogopa hamung'unyi maneno. Kinyume chake ni yule anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mafuta yako ndani ya chupa, wewe unasuguliwa kwa glasi kavu na unaambiwa umeng'aa. Na mbali kabisa na hao wote kuna fidhuli, kuna jeuri, kuna safihi, watu ambao lugha imewapa majina yao wenyewe wasije wakachanganywa na msema kweli. Sisi tumewaweka wote kwenye gunia moja tukaliandika "ukweli".

Kuna methali mbili ninazopenda kuziweka pamoja. Ya kwanza huandikwa hadi kwenye matatu: msema kweli mpenzi wa Mungu. Ya pili haipendwi sana: msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Hiyo ya pili ndiyo mizani yangu. Kama umekuwa ukisema hicho unachokiita ukweli kwa miaka mitano, na hujapoteza rafiki, wala kazi, wala nyumba, na badala yake wafuasi wako mtandaoni wanaongezeka kila wiki, basi angalia tena bidhaa unayouza.

Angalia pia mahali tunaponyamaza.

Katika ploti moja niliyowahi kuishi, bili ya maji ilianza kupanda bila maelezo. Mwezi huu mia tatu kwa nyumba, ujao mia tano, halafu mia saba na maji yenyewe yanakuja mara mbili kwa wiki. Kwenye ngazi tulikuwa simba. Mwenye ploti alichanwa akachanika: alikuwa mwizi, alikuwa fisi, alikuwa anajenga nyumba ya tatu kwa mikojo yetu. Kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo yeye hakuwemo, kuna jamaa alimtungia mashairi. Lakini mwisho wa mwezi mzee alipofika na kofia yake na daftari lake, ngazi ilijaa adabu. "Habari ya asubuhi, mzee." "Karibu, mzee." Yule mtunga mashairi alimbebea hadi kiti.

Aliyezungumza ni mama mmoja anayeuza githeri kando ya barabara, mtu ambaye kwenye kundi hakuwahi kuandika hata neno. Alijifuta mikono kwenye leso akasema: "Mzee, samahani. Bili ya maji mwezi huu ilikuja ngapi, na tuko nyumba ngapi tunaoigawana?"

Basi. Hakumwita mwizi. Hakupaza sauti. Alimwita mzee, aliomba samahani, na bado ilikuwa ndiyo sentensi kali kuliko zote zilizowahi kusemwa kwenye ploti ile, kwa sababu ilihitaji jibu lenye nambari. Mzee alikasirika. Alimwambia kama hapendi pale kuna nyumba nyingi Dandora. Hakuna aliyemtetea, tulisikia milango ikifungwa mmoja mmoja. Lakini mwezi uliofuata nakala ya bili ilikuwa imebandikwa getini, na kila nyumba ilirudi kulipa mia tatu na hamsini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba kusema wazi na adabu ni maadui. Mama alikuwa na vyote viwili kinywani kwa wakati mmoja. Tusi lingempa mzee njia ya kutoroka. Angejibu tusi, tungegombana, na bili ingebaki mfukoni. Swali halikumwachia mahali pa kupitia.

Nikisema hivi kuna watu wazima watanipigia makofi wakidhani niko upande wao. Siko. Hii lawama ya "vijana wa siku hizi hamna adabu" nimeisikia tangu nivae kaptula, na mara nyingi hutolewa na mtu aliyeulizwa swali asilotaka kulijibu. Mwaka 1968 kulikuwa na kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, Abdilatif Abdalla. Aliandika kijikaratasi kikasambazwa kwa siri, na kichwa chake kilikuwa swali la neno moja mbele ya jina la nchi: Kenya: Twendapi? Hakuna tusi hapo. Ni swali ambalo abiria yeyote anaweza kumuuliza dereva. Serikali ya Jomo Kenyatta ilimfunga miaka mitatu, kutoka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la, ndiyo, Jomo Kenyatta. Hiyo Kenya tuliyonayo ina ucheshi wake.

Ninachotaka uone ni kwamba hakufungwa kwa kukosa adabu. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili kisafi ambacho mwalimu wako angekipa alama zote. Alifungwa kwa sababu swali lilielekezwa juu.

Ndiyo maana Juni 2024 iliwashtua wakubwa namna ile. Watu wengi wanakumbuka matusi, na matusi yalikuwepo, simu za wabunge zilijaa ujumbe ambao siwezi kuurudia kwenye ukurasa huu. Lakini wabunge wa Kenya wamezoea kutukanwa. Wao wenyewe hutukanana kila Jumamosi matangani, wakirushiana mipasho juu ya jeneza la mtu wa watu, na sisi tunasambaza video tukisema "huyu ndiye husema ukweli". Mipasho haimnyimi mwanasiasa usingizi. Kilichokuwa kipya mwaka ule ni vijana kusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha uchumi alikuwa anakueleza, kwa Sheng, kwa Kiluo, kwa Kikamba, kwamba mkate unatakiwa kuongezewa ushuru wa asilimia 16, na kwamba gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Dereva wa matatu alielewa. Mama mboga alielewa. Huko ni kuchanuana, na nchi nzima ilichanuka ndani ya wiki mbili. Tarehe 18 Juni serikali ikaondoa ushuru wa mkate na wa magari. Tarehe 25 vijana waliingia bungeni, na tarehe 26 Rais William Ruto akasema hatatia saini mswada uliobaki. Tarehe 5 Julai alikaa kwenye mazungumzo ya moja kwa moja ya X, akiulizwa maswali na watu ambao umri wao ni wa watoto wake.

Makumi ya vijana hawakufika hiyo Julai. Wengine walikuwa wa mitaa hii yetu ya Eastlands.

Kwa hivyo sitakaa hapa na kipakatalishi nikuhubirie ujasiri. Juni 2025, Albert Ojwang', mwalimu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya ujumbe wa mtandaoni uliodaiwa kumharibia jina naibu inspekta jenerali wa polisi. Aliletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Mtu akikwambia ukweli ni wa bure, mkumbushe jina hilo. Na ile milango iliyofungwa siku ya swali la maji, siwezi kusema ilikuwa ya waoga. Ilikuwa ya watu wenye kodi ya kulipa na watoto walio katikati ya muhula.

Ila kuna njia za kuelekeza maneno juu bila mtu mmoja kubeba msalaba wote. Ile bili ingeombwa na nyumba kumi na nane kwa barua moja, nani angehamishiwa Dandora? Na kwa mambo ya serikali, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu. Kikundi cha vijana kinaweza kuandika: pesa za taa za barabara yetu zilikuwa ngapi, zililipwa nani, lini? Mistari mitatu, tarehe, sahihi, na nakala mbaki nayo. Haina ladha ya kumchana mwakilishi wa wadi mtandaoni. Hupati wafuasi. Lakini ni swali la githeri lile lile.

Sasa tuachane na wakubwa, turudi kwa marafiki, maana huko ndiko tunadanganyana zaidi na ndiko hakuna polisi wa kusingizia.

Kuna kijana huku anayefanya muziki. Kwa miaka mitatu kila akitoa wimbo maskani yote ilikuwa inamwambia "moto!", "hii ni hit", "wewe subiri tu". Aliuza televisheni, akauza spika, akaweka pesa zote studio. Pembeni, akiwa hayupo, watu wale wale walikuwa wanasema hajui kuimba. Yaani chana ilikuwepo, alikosa tu kualikwa. Prodyuza mmoja ndiye alimkalisha chini, wakiwa wawili, akamwambia sauti yako haifiki unakotaka kuipeleka, nimeisikiliza sana, haifiki. Lakini maneno unayoandika ni ya maana, waandikie wengine. Kijana alitoka hapo bila kuaga. Walikaa miezi hawasalimiani. Siku hizi anaandikia wasanii wawili watatu na analipwa kidogo kidogo, na yule prodyuza bado hawapigi stori sana. Ukweli mwingine huwa hivyo, unakusaidia na hauwezi kumsamehe aliyekuletea.

Hebu fikiria ni wangapi kwenye maskani yako wanaliwa na kamari. Unajua jamaa anakopa Fuliza kuweka beti, halafu anakopa kwako kulipa Fuliza. Akishinda elfu mbili mnasherehekea naye. Akipoteza elfu kumi mnamtengenezea mzaha. Kuna mtu amewahi kukaa naye pembeni na kumwambia, "Msee, nimekuhesabia, tangu Januari umepoteza kodi ya miezi minne"? Hapana, kwa sababu hilo linahitaji uhesabu, umtafute akiwa peke yake, na uwe tayari asikupigie tena simu. Mzaha ni rahisi zaidi.

Na neno gumu kuliko yote mtaani, kwa maoni yangu, ni "sina". Tunaogopa neno hilo kama polisi. Mtu akiomba umkopeshe elfu moja unajua kabisa kwamba huna, na kwamba hutakuwa nayo wiki hii wala ijayo. Badala ya "sina" unamwambia "nicheki jioni". Jioni simu haishikwi. Kesho yake ni "nilikuwa kwa fundi". Siku ya tatu ni alama mbili za bluu na kimya. Kumbe yule mtu angekuwa ameshakwenda kwa mjomba, kwa chama, kwa yeyote, lakini ulimshika mkono siku tatu kwa sababu hukutaka kuonekana umesota. Ni vivyo hivyo kwenye mapenzi: "tutaona", "niko bize kidogo", "nitakushow". Msichana anasubiri miezi mitatu mvulana ambaye alishaamua wiki ya kwanza, na kinyume chake. Eti ni kumwonea huruma. Sioni huruma hapo. Ni kujionea huruma mwenyewe na kumpelekea mwenzako bili.

Hao hao wa "nicheki jioni" ndio wa "mimi huongea ukweli tu". Sijatania. Fuatilia uone.

Na kama unataka kuona "nicheki jioni" ikifanywa kwa kiwango cha kiwanda, amka mangware uende Barabara ya Baba Dogo. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu kuna watu wamesimama mbele ya mageti wakisubiri kuitwa vibarua. Wengine wametembea kutoka Korogocho, wengine Mathare North, na wengi hawajanywa kitu. Mageti yanafunguka, wachache wanaitwa, waliobaki wanaambiwa "ngojeni kidogo". Saa mbili, ngojeni. Saa nne wanaambiwa "kujeni kesho". Asubuhi imeisha, huwezi tena kupata kazi kwingine, na hukuambiwa hapana. Wanaoingia nao wana "kesho" yao. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja au zaidi, hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua wa siku. Anastahili masharti ya mwajiriwa. Kuna watu wana miaka huko ndani, kila jioni wakiambiwa kujeni kesho, na hakuna anayewaambia hilo. Kulisema kwa sauti getini ni kujitafutia kufungiwa geti, najua. Lakini kuambiana sisi kwa sisi njiani tukirudi nyumbani hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kwenye geti moja kuna mama supavaiza ambaye vijana humwogopa. Hacheki na hasalimii kwa mkono. Saa kumi na mbili na dakika arobaini anatoka na karatasi, anawatazama wote, anasema: "Leo nafasi ni kumi na mbili. Kesho hakuna, mashine inatengenezwa. Msije." Anasoma majina kumi na mbili, anaingia, geti linafungwa. Wengine wanamtukana kidogo, wanasema huyu mama ana roho ya jiwe. Halafu wanashika njia ya Kariobangi Light Industries, na saa moja asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya mabati, wanakuwa wameshafika huko kuuliza kama kuna kazi.